Vioo vitatu na kasri la mita 23

Wanafunzi wapya wakiingia darasani kwangu hapa Dar, siku ya kwanza siwapi penseli. Nawapa vipande vitatu vya kioo nilivyokatiwa na fundi wa madirisha ya alumini, kingo nimezizungushia selotepu wasije wakajikata. Cha juu kimechorwa makuti ya mnazi, cha kati jahazi, cha chini mwezi. Navipanga kwenye rafu kimoja juu ya kingine, shubiri moja kati yao, simu inarekodi kutoka juu. Kisha nasukuma makuti polepole kwenda kushoto, jahazi kwa mwendo wa kinyonga, mwezi siugusi. Pale kwenye simu inatokea bahari yenye kina, na daima kuna mmoja anayeinama kuchungulia chini ya rafu.

Zoezi hili si langu. Ukichora mwezi na nyumba kwenye karatasi moja, kisha ukasogeza kamera karibu, vyote viwili vinakua sawasawa. Jicho linakataa papo hapo, maana hata ukitembea usiku kucha kuelekea nyumba ya jirani, mwezi hauongezeki hata nukta. Mwaka 1937 studio ya Disney ilitatua tatizo hilo kwa mashine aliyoiunda mhandisi wake William Garity: mnara wa zaidi ya mita 4, kamera juu ikitazama chini, na hadi tabaka saba za michoro, kila moja na mwendo wake. Waliijaribu katika filamu fupi, The Old Mill, ikapata Oscar. Mnamo Desemba 21 mwaka huohuo, filamu yao ndefu ya katuni, Snow White, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Los Angeles.

Ukishaielewa mashine hiyo, Disneyland, bustani ya burudani ya Disney huko California, haihitaji maelezo mengi. Historia nyingi husimulia bustani ile kama hadithi ya pesa: panya Mickey akazaa filamu, filamu ikazaa himaya. Pesa zilikuwepo, sibishi. Ila mimi naiona kama mashine ileile ya vioo, safari hii imekuzwa mpaka mtu akaweza kuingia ndani kwa miguu yake.

Ya studio nitayapitia haraka. Walt Disney na kaka yake Roy walianza kazi Los Angeles Oktoba 1923. Mwaka 1928 walimpoteza sungura wao wa katuni, Oswald, kwa sababu hakimiliki ilikuwa ya kampuni ya filamu ya Universal, na wachoraji wao wengi wakachukuliwa pamoja naye. Ub Iwerks alibaki, akamchora Mickey. Toka hapo Walt hakutaka tena kufanyia kazi mali ya mtu mwingine. Snow White iligharimu takriban dola milioni 1.5, ikarudisha kwa wingi, wakajenga studio mpya Burbank. Vita ikafunga soko la Ulaya wakati filamu za Pinocchio na Fantasia zinatoka, na mwaka 1941 wachoraji wakagoma kudai chama chao kitambuliwe. Wakakipata. Ile hali ya familia moja, Walt akiitwa kwa jina lake tu na kila mtu, haikurudi tena. Ni Cinderella ya mwaka 1950 iliyowatoa kwenye madeni.

Roy, mshika fedha, hakuipenda habari ya bustani. Walt akakopa kwa dhamana ya bima yake ya maisha, na mwaka 1952 akaanzisha kampuni ya pembeni ya kubuni bustani hiyo, WED. Aliowaita huko hawakuwa wasanifu majengo kwa sehemu kubwa. Walikuwa watu wa filamu: wachora mandhari, wabunifu wa seti, wahuishaji wa katuni. Septemba 1953 mchoraji Herb Ryman alijifungia na Walt wikiendi moja akachora bustani nzima kama inavyoonekana kutoka angani, na Roy akaubeba mchoro ule hadi New York kutafuta wafadhili. Televisheni ya ABC ikatoa mtaji na dhamana ya mikopo, nayo ikapata hisa pamoja na kipindi cha kila wiki. Ekari 160 za michungwa zikanunuliwa Anaheim. Ujenzi ulianza Julai 1954, na Julai 17, 1955 milango ikafunguliwa.

Siku hiyo ilikuwa vurugu tupu. Tiketi za kughushi zilijaa, lami ilikuwa bado laini na visigino vya akina mama vikazama. Kwa kuwa mafundi bomba walikuwa wametoka kwenye mgomo, muda haukutosha kumaliza vyoo na mabomba ya maji ya kunywa. Walt akachagua vyoo. Jua kali, watu wakaona hiyo ni janja ya kuwauzia soda.

Sasa tuingie. Bustani imezungushiwa tuta la udongo, treni inapita juu yake, na tuta linaficha barabara na nguzo za umeme za nje. Unapita chini ya reli kwenye handaki fupi: hilo ni pazia. Mbele yako Main Street. Ghorofa za chini zina karibu ukubwa wa kawaida, za juu zimepunguzwa, kwa hiyo nyumba zinaonekana ndefu kuliko zilivyo. Mwisho wa mtaa kuna kasri la mita 23 tu, fupi kuliko majengo mengi ya Kariakoo. Lakini mawe ya chini ni makubwa na ya juu madogo, na jicho linapiga hesabu lenyewe. Kila hatua unayopiga kuelekea kwenye kipilefti cha katikati, maduka ya kando yanapita upesi na kasri linakua taratibu. Makuti, jahazi, mwezi.

Mtoni, kwenye safari ya boti, Walt alitaka wanyama hai. Wataalamu wakamwambia mchana watalala au watajificha, wakawekwa wa mitambo. Miti nayo ilikuwa haba, hivyo Bill Evans, mtaalamu wa bustani, akapindua baadhi ya michungwa iliyong'olewa, mizizi juu, ikawa mimea ya msituni.

Wanyama hai walikuja Florida, Aprili 1998, katika bustani nyingine ya Disney, Disney's Animal Kingdom. Timu ya mbunifu Joe Rohde ilijenga humo mji wa kubuni, Harambe, ikichukua mfano kutoka Lamu: kuta zimepigwa lipu kisha zikachakazwa makusudi. Barabara ya safari ni zege lililotiwa rangi ya udongo. Lilipokuwa bado bichi wakapitisha matairi na kukandamiza mawe na vijiti, ili gari lirukeruke. Kijana mmoja wa Mbagala aliposikia hivyo alisema kwao wangepewa bure.

Unapokaa kwenye lori lile, nyasi ziko mbele, swala wako katikati, simba nyuma juu ya mwamba, wote kama wako kwenye mbuga moja. Kati ya swala na simba kuna shimo refu la kuwatenganisha ambalo kutoka kwenye kiti chako hulioni.