Gari likikata nguvu mlimani na tela nyuma, anza na mipira ya tabo

Gari la dizeli likiwa tupu halina shida. Ukilifunga tela la tani moja na nusu na kuanza kupanda mlima Kitonga, nguvu inakatika, moshi mweusi unajaa nyuma, na chini ya boneti kuna mluzi unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta. Taa ya injini ikiwaka na mashine ya kusoma hitilafu ikatoa msimbo P0299, maana yake presha ya tabo, kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini, haifiki pale kompyuta inapoitaka. Wenye magari wengi huambiwa hapo hapo kwamba tabo imekufa. Mimi siigusi tabo kabla mipira yake ya kupitishia hewa haijapimwa kwa presha, kwa sababu mpira ni bei ndogo na tabo ni bei ya kuumiza.

Tela ndilo linalofichua tatizo. Injini ikinguruma bila mzigo, ndani ya mipira hakuna presha ya maana, hivyo ufa unabaki umejifumba. Mlimani na mzigo, presha inapita bar 1 juu ya hewa ya kawaida, na hewa inayotoka kwenye tabo inaweza kuvuka nyuzi 120 za Selsiasi. Mpira unalainika, unavimba, ufa unafunguka. Injini nayo inajipinda kwenye mauntingi zake, yaani vishikio vyake, kila unapokanyaga. Mauntingi zikichoka, inauvuta mpira mpaka unachomoka kwenye bomba. Magari yenye intakula (kipoza hewa ya tabo) mbele ya rejeta, kama Land Rover Td5 na Ford Ranger 3.2, yana mipira mirefu, na huko ndiko kwa kuangalia zaidi. Hilux Vigo na Prado za 1KD zina intakula juu ya injini na mipira mifupi. Kwa hizo kagua zaidi klampu na maungio.

Usiendelee kuvuta mzigo gari likiwa hivyo. Kwenye tabo yenye mabawa yanayojirekebisha, kompyuta ikiona presha ni ndogo inayafunga mabawa ili tabo izunguke kasi zaidi. Hewa inazidi kumwagika, tabo inazidi kukimbizwa, moto wa eksozi unapanda. Mpira uliopasuka leo unaweza kuua tabo iliyokuwa nzima.

Ukaguzi unaanza injini ikiwa imepoa. Fungua kinga ya chini, kisha pitisha mkono upande wa chini wa kila mpira, kwa sababu nyufa nyingi hukaa usipoziona. Mafuta kidogo ndani ya mipira ni kawaida, yanatoka kwenye pumzi ya injini. Mafuta mabichi yaliyoshika vumbi nje, sehemu moja tu, ndiyo yanayokuonyesha hewa inapotokea. Ukunje mpira kwenye kona na karibu na klampu, na angalia unaposuguana na bomba la pawa stelingi au fremu ya feni. Kisha uchomoe umulike ndani: tabaka la ndani linaweza kubanduka na kuziba njia huku nje mpira unang'aa.

Macho hayatoshi. Chomoa mpira kwenye mdomo wa tabo na ule unaoingia manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), ziba ncha zote mbili, moja ikiwa na valvu ya tairi. Vizibo viwe vya alumini, vilivyochongwa na fundi wa kukereza vyuma. Vifuniko vya bomba la plastiki la maji usivitumie, vinaweza kupasuka vipande vipande kwa hewa ya kompresa. Kwa regulata, panda taratibu hadi bar 1, usisimame mbele ya kizibo, halafu pulizia maji ya sabuni kwenye mipira, maungio na pembe za intakula. Mapovu yatakuonyesha. Kama hakuna povu na geji haishuki, mipira imepona lawama: sasa angalia EGR (valvu inayorudisha moshi wa eksozi ndani ya injini) iliyokwama wazi, ambayo nayo hutoa moshi mweusi, au masizi kwenye maungio ya eksozi kabla ya tabo. Nguvu ikipungua bila moshi mweusi, anza na filta ya dizeli.

Mashine ya kusoma inasaidia pia. Swichi ikiwa wazi na injini imezimwa, sensa ya presha ya manifodi isome karibu kilopaskali 101 Dar es Salaam, au karibu 82 Nairobi. Ikisoma vingine, shuku sensa kwanza.

Kwenye kununua, usikubali kipande cha mpira wa rejeta. Mpira ule umetengenezwa kwa maji. Mafuta ya injini yanauvimbisha na kuulainisha. Silikoni ya kawaida nayo hupitisha mafuta polepole, kwa hiyo ulizia yenye utando wa ndani unaostahimili mafuta. Pima kipenyo cha nje cha bomba kwa kalipa. Hicho ndicho kipenyo cha ndani cha mpira. Safisha bomba na mpira kwa breki klina mpaka vikauke, sukuma mpira uvuke ukingo wa bomba, kisha klampu ikae nyuma ya ukingo, isiwe juu yake. Napendelea klampu pana za boliti kuliko zile nyembamba zenye meno, ambazo hukata mpira. Injini ikishapata moto na kupoa mara ya kwanza, kaza tena.

Ukikwama njiani na ufa uko karibu na ncha, kata sentimita mbili na urudishe, kama urefu unaruhusu. Ufa ukiwa katikati, kausha, zungushia utepe wa silikoni unaojishika wenyewe, ukiuvuta hadi karibu mara mbili ya urefu wake, kuanzia sentimita 5 kabla ya ufa hadi 5 baada yake, halafu funga juu kwa ukanda wa tyubu na klampu. Tela liache mahali salama, mizunguko ya injini isizidi 2,000 kwa dakika, kanyaga kidogo. Mpira ukiwa umechomoka kabisa upande wa manifodi, usiwashe injini kwenye barabara ya vumbi: inavuta hewa isiyopita kwenye filta, na mchanga huo unakwenda moja kwa moja kwenye silinda.