Mfukoni mwa mwanafunzi wa uuguzi: dhana potofu na ukweli kuhusu vitu vya kwenda navyo wodini

Orodha za vitu vya kununua kabla ya kuanza mazoezi ya wodini huwa ndefu, na nyingine zinanukia biashara. Mwanafunzi hufika siku ya kwanza amejaza begi mpaka zipu inagoma, kumbe kazi yote ya asubuhi ilihitaji kalamu, saa na stetoskopu. Uzito wenyewe ni tatizo dogo. Kubwa ni kwamba kitu chochote unachokitoa na kukirudisha mfukoni hushikwa kwa mikono iliyotoka kwa mgonjwa, kisha huenda nawe kitanda cha pili na jioni hufika nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote jiulize mambo mawili: kinafutika? Na wodi haina chake kilicho bora zaidi?

Dhana: Begi kubwa likiwa karibu, zamu itakwenda vizuri.

Ukweli: Begi halina mahali pa kukaa kando ya kitanda. Likiwekwa sakafuni huzoa kilichomwagika, likiwekwa kwenye kiti au shuka la mgonjwa hukiacha hapo. Libaki kwenye kabati la wanafunzi au chumba cha mapumziko, na kwa kuwa makabati mengi hayana kufuli la maana, vitu vya thamani vibaki nyumbani. Chagua begi linalofutika kwa kitambaa chenye dawa. La kitambaa kizito hunywa uchafu na halifuliwi kila wiki. Ndani weka mifuko miwili, mmoja wa nguo safi na mwingine wa sare iliyotumika, wala visichanganywe na chakula.

Kinachobebwa mwilini ni kidogo: kitambulisho, kalamu mbili, karatasi au daftari dogo, saa, kitochi, mkasi wa bandeji, stetoskopu. Mpangilio wake una maana kuliko wengi wanavyodhani. Ukiinama kumgeuza mgonjwa, kila kilicho mfuko wa kifuani kinaweza kumdondokea usoni, kwa hiyo kifuani hukaa kalamu iliyobanwa kwa klipu yake basi. Mkasi na kitochi viwe mfuko wa pembeni wa chini, ncha ya mkasi ikitazama chini, upande ambao haugusani na reli ya kitanda unapoiegemea. Mkasi wenyewe uwe ule ambao ubapa wake wa chini una ncha bapa na butu, kwa sababu ndio unaopenya chini ya bandeji karibu na ngozi. Hufutwa kwa alkoholi kila baada ya matumizi, lakini hata ukifutwa si kifaa tasa, yaani kisicho na kijidudu hata kimoja. Usikate nao kitu kitakachogusa kidonda kilicho wazi.

Dhana: Kuwa na glavu za akiba mfukoni ni kujiandaa.

Hili ndilo kosa linaloonekana zaidi wodini, na huonekana kama bidii. Mfuko umeingizwa mkono tangu asubuhi: baada ya kupima presha, baada ya kushika simu, baada ya kufungua mlango. Glavu iliyokaa humo haitofautiani na mfuko wenyewe. Glavu hutolewa kwenye boksi lake wakati wa kazi, kwa mikono iliyokwisha kusafishwa.

Na glavu haifuti wajibu wa kunawa. Hutoboka bila wewe kuona, na mikono huchafuka wakati wa kuzivua. Kitakasa mikono husuguliwa sekunde 20 hadi 30 mpaka mikono ikauke yenyewe. Kunawa kwa maji na sabuni, tangu kulowanisha hadi kukausha, huchukua sekunde 40 hadi 60. Kichupa kidogo cha kitakasa ni kitu halali kubeba ikiwa cha ukutani kiko mbali, mradi kiwe na alkoholi angalau asilimia 60. Lakini mikono yenye uchafu unaoonekana ni ya maji na sabuni. Vivyo hivyo ukimhudumia mgonjwa anayehara kwa sababu ya bakteria Clostridioides difficile, kwa kuwa alkoholi haiui spora zake, yaani umbo lake lenye ganda gumu.

Rolo la plasta linaingia humu humu. Linapita kitanda hadi kitanda, linawekwa juu ya meza, kipande chake cha mwanzo kimeguswa na kila mtu, halafu kinabandikwa juu ya kanula, ule mrija mwembamba unaoingia mshipani. Rolo moja litumike kwa mgonjwa mmoja na libaki kwake.

Dhana: Stetoskopu hukaa shingoni.

Picha ni nzuri, ila mafuta ya ngozi hukausha mrija mpaka unakakamaa na kupasuka. Zaidi ya hapo, mgonjwa aliyechanganyikiwa au mtoto akiuvuta, wewe ndiye utakayekabwa. Ikunje uiweke mfukoni. Kati ya mgonjwa na mgonjwa futa kiwambo (upande bapa wa kichwa chake), kengele (upande wenye shimo) na sehemu ya mrija iliyogusa ngozi kwa pamba yenye alkoholi ya asilimia 70, uache ikauke. Usiichovye wala kuilowesha.

Huhitaji ya bei mbaya. Yenye pande mbili inatosha: kiwambo kwa sauti za juu kama za mapafu, kengele kwa sauti nzito za chini, kama baadhi ya zile za moyo. Wanaolalamika kwamba kifaa kipya ni kibovu, mara nyingi wamezungusha kichwa chake upande mwingine. Vaa, gonga kiwambo taratibu kwa kidole. Kama husikii, zungusha kichwa mpaka kilie. Ncha zinazoingia masikioni zielekee mbele, upande wa pua, zikifuata njia ya sikio. Na weka kiwambo kwenye ngozi, kwa sababu msuguano wa nguo hutoa mikwaruzo ambayo mgeni huiandika kama sauti ya mapafu.

Dhana: Mwanafunzi makini anakuja na mashine yake ya presha na ya oksijeni.

Mkanda wa presha una saizi, na saizi ndiyo inayoamua jibu. Kibofu cha hewa kilicho ndani ya mkanda kinapaswa kuwa na upana wa karibu asilimia 40 ya mzingo wa mkono, na urefu wa karibu asilimia 80. Mkono wenye mzingo wa sentimita 35 unataka kibofu cha upana wa 14 na urefu wa 28. Mkanda ukiwa mdogo kuliko mkono, presha husomeka juu kuliko ilivyo, na mtu anaweza kuanzishiwa dawa kwa kosa la kitambaa. Mwanafunzi huwa na mkanda mmoja, wagonjwa wana mikono ya kila namna.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni nacho hudanganywa na kidole baridi, kutetemeka na rangi ya kucha. Chako kikisoma asilimia 86 na cha wodi kikasoma 94, utaandika ipi? Tumia cha wodi, na kikikutia shaka mwangalie mgonjwa kwanza, kisha mwite muuguzi msimamizi.

Dhana: Siku hizi simu inatosha kwa yote: saa, tochi, kikokotoo, kamera.

Kikokotoo, ndiyo, pale sheria za hospitali zinaporuhusu. Mengine hapana.

Saa iwe na mshale wa sekunde na ibanwe kifuani, kichwa chini, ili uisome ukiwa umeinama. Hospitali nyingi hazitaki chochote chini ya kiwiko kwa sababu mkanda wa saa huzuia kunawa kifundo cha mkono. Mapigo yaliyo sawa huhesabiwa sekunde 30 ukazidisha kwa mbili. Yakirukaruka, hesabu dakika nzima. Upumuaji ni dakika nzima pia, huku vidole vikibaki kwenye kifundo kana kwamba bado unahesabu mapigo, maana mtu akijua anahesabiwa pumzi huzibadilisha.

Mwanga wa simu ni mkali na mpana: mgonjwa hufumba macho, na mboni zote mbili humulikwa kwa pamoja, hivyo huwezi kuona jicho moja likijibu mwanga na la pili likijibu kwa kuandamana nalo. Kitochi chenye mwanga mwembamba huletwa kutoka pembeni. Andika ukubwa wa kila mboni kwa milimita, kabla na baada ya mwanga; neno "sawa" peke yake halimsaidii wa zamu ijayo.

Kamera isifunguliwe wodini, hata kwa picha isiyo na sura. Kovu, mchoro wa mwilini au chati iliyo nyuma vinatosha kumtambulisha mtu.

Badala ya kitabu kizito cha dawa, beba kadi moja ngumu yenye vizio na kanuni ya dripu: mililita zidisha kwa matone ya seti (idadi ya matone ambayo mrija wa dripu hutoa kwa kila mililita), gawa kwa dakika. Mfano, mililita 1000 kwa saa 8 kwa seti ya matone 20 kwa mililita: 1000 × 20 ÷ 480 = 41.7, yaani matone 42 kwa dakika. Kwa seti ya matone 60, idadi ya matone kwa dakika ni ile ile ya mililita kwa saa, hapa 125. Hesabu ya dozi hukaguliwa na mtu wa pili kila mara, hata kama una hakika nayo.

Dhana: Karatasi yangu ni yangu, naandika nipendavyo.

Karatasi iliyokunjwa yenye safu za muda ndiyo silaha ya zamu: dawa za saa ngapi, vipimo, dripu ipi inaisha lini. Andika muda kwa mfumo wa saa 24, kwa kuwa "saa 2" tupu haisemi ni 08:00 au 20:00. Jina na namba ya faili visiwemo. Hata namba ya kitanda ikiambatana na ugonjwa humtaja mtu kwenye wodi ndogo, kwa hiyo karatasi ichanwe na kuachwa kwenye chombo cha taka za siri kabla hujatoka.

Kwenye chati ni wino mweusi au wa bluu, kufuatana na utaratibu wa hospitali. Penseli na kalamu za wino unaofutika zibaki shuleni. Ukikosea, piga mstari mmoja neno libaki likisomeka, andika lililo sahihi, weka saini, tarehe na muda.

Dhana: Bomba la sindano au ampuli (kichupa cha kioo cha dawa ya sindano) mfukoni huokoa muda.

Hapana, bila mjadala. Vimiminika vingi vya sindano havina rangi, kama maji. Dawa iliyotengana na lebo yake haijulikani tena ni ipi, na potasiamu kloraidi isiyochanganywa ikidhaniwa ni maji ya chumvi ya kusafishia kanula, husimamisha moyo. Sindano iliyotumika haitembezwi wala kufunikwa tena. Sanduku la vitu vyenye ncha kali ndilo linalofuata kazi ilipo, na hufungwa likijaa robo tatu.

Dhana: Viatu vyovyote vyeupe vinafaa, na sare hufuliwa na nguo nyingine.

Kiatu kiwe kimefunika vidole na kisigino, kisichopitisha maji, chenye soli isiyoteleza. Cha kitambaa kikimwagikiwa damu, soksi nayo imelowa. Sare ivaliwe hospitalini na kuvuliwa hapo hapo inapowezekana, kisha ifuliwe peke yake. Nyuzi 60 za Selsiasi kwa dakika 10 huondoa vijidudu karibu vyote.

Dhana: Ukichomwa na sindano, kamua damu, utaripoti zamu ikiisha.

Kukamua huumiza tishu bila faida iliyothibitishwa, na klorini kwenye jeraha huongeza madhara. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Kama ni jicho au mdomo, suuza kwa maji mengi. Toa taarifa palepale: dawa za kinga ya VVU huanzwa haraka iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na humezwa kwa siku 28.

Hapa ndipo kitu kidogo kuliko vyote mfukoni kinapokuwa na kazi: kadi yenye simu ya mkufunzi na tarehe za chanjo ya homa ya ini aina B. Ratiba ya kawaida ni dozi tatu: mwanzo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Kingamwili hupimwa mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho, na kiwango cha 10 au zaidi kwa kizio cha mIU/ml huhesabiwa kuwa kinga. Andika jibu hilo kwenye kadi, maana daktari atakayekupokea ataliuliza mapema, na ndilo litakaloamua kama unahitaji dozi nyingine siku hiyo hiyo.