Springi au sponji? Uliza fremu ya kiti kwanza

Hapa Lubumbashi, mtu akileta kiti cha gari la zamani kilichobonyea, mara nyingi ameshachagua dawa kabla hajafika kwangu: "Fundi, toa machuma hayo yote, kata matela, godoro la sponji, utie humo." Namjibu, "Papa, tukigeuze kwanza tuone chini." Fremu iliyoundwa kubeba springi inataka springi. Iliyoundwa kubeba sponji inataka sponji. Kubishana kipi ni bora kabla ya kuitazama fremu ni kupoteza muda, na ngozi nzuri nyingi zimeshonwa juu ya kazi mbovu kwa sababu ya ubishi huo.

Chukua Mercedes-Benz 230 SL, iliyotoka mwaka 1963, au Porsche 356. Ukivua kava unakuta springi zilizofungwa pamoja kwa waya, juu yake tabaka la singa za farasi au nyuzi za makumbi ya nazi zilizoshikanishwa kwa mpira, kisha pamba, kisha kava lenyewe. Springi ndizo zinazoshuka na kupanda. Tabaka la juu linasambaza uzito na kuzuia waya usimchome mtu. Sasa ng'oa springi, jaza sponji nene. Sponji inakubali kubanwa hadi karibu nusu ya unene wake, halafu inakuwa ngumu ghafla. Kwenye shimo la kwanza la barabara ya mtaani mgongo unapokea pigo lote. Na kama fundi amejaza sponji ndefu kuepuka hilo, dereva anakaa juu kuliko alivyopangiwa: mapaja yanagusa usukani, ambao kwenye Mercedes hizo ni mkubwa, na kichwa kinakaribia paa. Tena hewa haipiti. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, kiti cha namna hiyo kinalowa jasho kabla hujafika Kenya, komuni ya hapa hapa Lubumbashi, kutokea katikati ya mji.

Kwa hiyo springi zikipona, nazirudisha. Napiga picha kila kona kabla ya kukata hata pete moja ya waya, kisha nasugua kutu kwa brashi ya chuma. Ukingo wa nje wa kiti cha dereva ndio unaochunguzwa zaidi, kwa sababu kila anayepanda na kushuka anaukalia. Kwa magari yetu yenye usukani kushoto, ni ukingo wa kushoto. Rangi naipaka nyembamba. Rangi nene inapasuka springi inapocheza, na maji yakiingia chini ya ufa kutu inaanza upya.

Springi iliyokatika haichomelewi. Moto unaua ukakamavu wa chuma, nayo itakatika tena pembeni mwa mchomeleo. Tafuta nyingine, na upime waya wake kwa kalipa, si kwa jicho. Ugumu wa springi unafuata kipenyo cha waya kikizidishwa chenyewe mara nne. Ukiweka waya wa milimita 4 palipokuwa na milimita 3.5, mengine yote yakiwa sawa, springi hiyo inakuwa ngumu zaidi kwa karibu asilimia 70. Makalio yataihisi siku ya kwanza tu. Ndiyo maana sipendi springi za godoro ndani ya kiti cha gari: zina umbo linalofanana, lakini waya wake ni wa kazi nyingine.

Juu ya springi linakuja gunia zito, limevutwa na kufungwa kwenye fremu pande zote. Usiliruke. Bila gunia, springi zinaitafuna sponji au singa kutoka chini, na kiti kinaanza kudondosha unga sakafuni. Tabaka la singa lenye mpira likikosekana, naweka sponji ngumu ya sentimita mbili au tatu juu ya gunia. Hapo sponji ni msaidizi, na kazi hiyo inaiweza vizuri.

Magari ya Kiingereza, MGB na Triumph TR6, ni habari nyingine. Hizo nyingi zina karatasi nene ya mpira iliyonyoshwa kwa kulabu ndani ya fremu, na mto wa sponji juu yake. Mteja analaumu sponji, wakati mpira ulishakauka na kupasuka zamani. Pitisha mkono chini ya kiti: ukikuta nyufa au kulabu zinazoning'inia, badilisha mpira huo kwanza, au funga mikanda ya mpira iliyopishanishwa. Sponji mpya juu ya mpira uliokufa itazama tu. Na usijaribu kuingiza springi humo, kwa sababu fremu haina kina cha kuzibeba.

Kuhusu kununua sponji, hapa ndipo watu wengi wanadanganyika. Wanabonyeza kwa kidole, wanasema "hii ni ngumu, ni nzuri." Ugumu na uzito ni vitu viwili tofauti. Sponji ngumu lakini nyepesi inavutia dukani, kisha inalala mapema. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa 10 na ukiweke kwenye mizani ya jikoni. Kikiwa na gramu 50, sponji hiyo ina kilo 50 kwa mita ya ujazo, na kwa kalio la kiti sishuki chini ya hapo. Gramu 20 ni za godoro la bei rahisi. Baada ya uzito ndipo uchague ugumu, ukifikiria mwili wa anayeendesha.

Gundi napaka kwenye kingo tu. Ikisambazwa katikati inakauka kuwa bamba, na bamba hilo linasikika chini ya paja.

Pete za mwisho za kava sizifungi kabla mwenye gari hajakalia kiti ndani ya gari lake, mlango umefungwa, mikono kwenye usukani, mguu kwenye klachi. Kiti kipya kinakaa juu kidogo kabla ya kuzoea uzito, kwa hiyo nakubali sentimita moja ya ziada. Ikizidi hapo, navua tena.