Spiriti ya nafaka: yanayosemwa na yalivyo

"Ikiwaka moto wa buluu, ni salama." Hili ndilo linaloua. Ethanoli, yaani alkoholi ya kunywa, huwaka buluu, na methanoli, alkoholi yenye sumu, nayo huwaka buluu hafifu, hivyo moto haukuambii kitu. Kuichemsha upya jikoni hakusaidii pia. Ni kweli methanoli huchemka kwa nyuzi 64.7 na ethanoli kwa 78.4, lakini zikishachanganyika hutoka pamoja. Nafaka yenyewe haizai methanoli ila chembe. Hatari kubwa ni spiriti ya viwandani yenye methanoli inayotiwa kwenye pombe.

"Mtambo mzuri hutoa alkoholi ya asilimia 100." Hautoi. Ikikaribia 97 kwa ujazo, alkoholi na maji hupanda katika mvuke mmoja, na kukeneka kwa kawaida, yaani kuchemsha na kuupoza mvuke uwe kimiminika tena, hakuwezi tena kuvitenganisha. Ndiyo maana spiriti safi ya mahindi au ngano huuzwa ikiwa 96. Haina ladha, na hiyo ndiyo sifa yake: mtengenezaji wa jin au manukato hutia harufu anayoitaka yeye.

"Ikigeuka maziwa, umeuziwa feki." Mara nyingi si kweli. Roweka karafuu za Pemba kwenye spiriti ya 96, kisha izimue kwa maji hadi 40, uone inavyogeuka maziwa. Yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, huyeyuka kwenye spiriti kali na kuyakataa maji. Rudishia spiriti kidogo kidogo huku ukitikisa. Ikitakata, yalikuwa mafuta. Isipotakata, na asubuhi ukakuta unga mweupe chini ya chupa, hiyo ni chokaa: maji ya visima vya Unguja hupita kwenye mawe ya matumbawe. Kuyachemsha huondoa sehemu tu, kwa hiyo tumia maji yaliyokenekwa.

"Lita 1 ya 96 na lita 1.4 za maji hutoa lita 2.4 za asilimia 40." Hesabu ni nzuri, chupa inakataa. Vimiminika hivi vikikutana hunywea, na maji yanayohitajika ni karibu lita 1.47. Mimina spiriti kwanza, ongeza maji karibu na alama ya 2.4, acha ipoe maana hupata joto, kisha jazia. Na angalia kipimajoto kabla ya kuiamini hidromita, kifaa kinachopima ukali wa spiriti: iliyotengenezwa kwa nyuzi 20, kwenye joto la 30 la huku kwetu, husoma kama 44 palipo na 40.