Oili chafu hairudi ardhini ikapotea

Jamani magereji ya Moshi na Arusha, hii ya kusema oili chafu imetoka ardhini basi ukiimwaga chini imerudi kwao tuiache kabisa. Iliyotoka ardhini ni mafuta ghafi, ila hii imeshachakatwa, imetiwa kemikali, halafu imezunguka kwenye injini ikabeba chembe za chuma na masizi, na haiozi haraka kama maganda ya ndizi, inakaa kwenye udongo miaka, mvua za masika zikija inasombwa hadi kwenye mifongo (mifereji yetu ya asili) na chemchemi, na maji hayo ndo tunakunywa na kumwagilia migomba. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, inasema oili ya gari moja inayotolewa kwa kubadilisha mara moja inaweza kuharibu galoni milioni 1 za maji!

Kuipaka kwenye nguzo kuzuia mchwa nako vilevile, inachuruzika taratibu hadi ardhini.

Kanuni zilizo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 zinaihesabu kama taka hatarishi. Iweke kwenye dumu lenye mfuniko, usichanganye na petroli wala maji ya rejeta maana ikichanganyika haichakatiki tena vizuri, kisha mpe mkusanyaji mwenye kibali cha NEMC (baraza la taifa la mazingira), na kibali mwambie akuonyeshe.