Kabla hujampigia simu mwalimu wa tuisheni: dhana potofu na ukweli wake

Ripoti ya muhula ikija na alama 28 za Hisabati, wazazi wengi huanza kuulizia namba ya mwalimu wa tuisheni. Namba hupatikana siku hiyohiyo, mwalimu anaanza Jumatatu, na muhula unaofuata alama ni 31. Lawama inamwangukia mtoto. Lakini mara nyingi kosa lilifanyika siku ile ya simu: mwalimu alitafutwa kabla tatizo halijajulikana. Dhana zifuatazo ndizo zinazowapotosha zaidi wazazi wenye watoto wa shule za msingi na sekondari hapa Tanzania.

Dhana: Mwalimu mzuri ni yule anayefaulisha

Ukweli: Ulizia kwanza anafaulisha watoto wa aina gani. Walimu wengi wenye sifa hiyo hupokea watoto ambao misingi wanayo, wakawanoa kwa mitihani iliyopita ya Baraza la Mitihani. Kazi hiyo ina thamani yake, hasa miezi ya mwisho kabla ya mtihani wa darasa la saba au kidato cha nne. Ila kwa mtoto wa darasa la sita aliyekwama kwenye kutoa kwa darasa la tatu, maswali hayo ni mvua juu ya bati. Yanapiga kelele tu, ndani hayaingii.

Tazama hesabu hii kwenye daftari la mtoto: 402 − 178 = 376. Jibu sahihi ni 224. Mtoto amekosa, lakini hakubahatisha. Kwenye mamoja ameona 2 na 8, akatoa 2 kwenye 8, akapata 6. Kwenye makumi ameona 0 na 7, akaandika 7. Kwenye mamia ametoa 1 kwenye 4, akapata 3. Anayo kanuni yake anayoifuata kwa uaminifu kabisa: namba ndogo hutolewa kwenye kubwa, popote zilipokaa. Hajui kukopa kwa jirani, na jirani akiwa sifuri ndiyo basi tena.

Mwonyeshe mwalimu unayetaka kumchukua hesabu hii na umuulize, "Mwalimu, hapa mtoto aliwaza nini?" Akijibu kwamba mtoto hajatulia na kwamba atampa mazoezi mengi, shukuru na uendelee kutafuta. Mazoezi 20 kwa mtoto mwenye kanuni potofu ni kuirudia kanuni hiyo mara 20, na kila mara inazidi kuota mizizi. Anayekufaa ni yule atakayeisoma njia ya mtoto, kisha akataja atakachofanya. Kwa mfano, atachukua vijiti 102: fungu moja kubwa lenye mafungu 10 ya kumikumi, na vijiti 2 pembeni. Mtoto aambiwe atoe 78. Atalazimika kufungua fungu la mia kwanza, kisha fungu moja la kumi, kabla hajaweza kutoa 8. Mikono yake ikishafanya hivyo mara tatu au nne, ndipo kalamu irudi kwenye daftari. Mwalimu mwenye cheti na uzoefu wa darasa la pili na la tatu mara nyingi analiweza hili kuliko mhandisi mwenye shahada, kwa sababu amewahi kuliona kosa hilo kwa watoto wengi.

Dhana: Ripoti inatosha kueleza shida iko wapi

Ukweli: Alama 28 inakuambia mtoto ameanguka. Alipojikwaa haikuonyeshi. Pa kuanzia ni daftari na mtihani uliorudishwa. Kaa na mtoto dakika 20, bila ukali, na ushuke naye darasa kwa darasa.

Kwa kusoma, tumia ngazi zinazofahamika kwenye tathmini za Uwezo, zile zinazopima kusoma na kuhesabu kwa watoto: silabi, maneno, aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Asome kwa sauti, halafu muulize maswali mawili kuhusu alichosoma. Akisoma kwa kudonoa neno moja moja, akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake ameshausahau, shida yake iko kwenye kusoma, na haitaishia kwenye Kiswahili. Itamfuata kwenye Sayansi, kwenye Maarifa ya Jamii, na kwenye maswali ya Hisabati yaliyoandikwa kwa maneno.

Kwa Hisabati, mpe maswali matano matano: kutoa kwa kukopa, kuzidisha, kugawanya, kisha sehemu (nusu, robo na kadhalika). Ngazi ambayo anapata manne kati ya matano, hapo amesimama imara. Ngazi inayofuata ndiyo mwalimu atakapoanzia, hata kama ni madarasa matatu nyuma ya darasa analokaa. Wazazi wengi huona aibu hapa. Hakuna aibu, nyumba hujengwa kuanzia pale msingi ulipoishia.

Ukiwa na majibu hayo, simu yako kwa mwalimu inabadilika. Badala ya "Natafuta mwalimu wa Hisabati wa darasa la sita," utasema, "Mwanangu anajumlisha na kuzidisha vizuri, ila anakwama kutoa kwa kukopa, na sehemu hazijui kabisa." Mwalimu makini atafurahi kusikia hivyo.

Dhana: Anayeanguka Hisabati au Fizikia kidato cha kwanza anahitaji mwalimu wa somo hilo

Ukweli: Huenda anahitaji kwanza mwalimu wa lugha ya somo hilo. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma karibu masomo yote kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Mtoto aliyekuwa wa tano darasani anaanza kupata 15, na nyumbani wanasema amebadilika tabia.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua swali la hesabu alilokosa, ulitafsiri kwa Kiswahili cha kawaida: mfanyabiashara kanunua kreti 3 za soda kwa sh 12,000 kila moja, akaziuza zote kwa faida ya asilimia 20, aliuza kwa jumla ya shilingi ngapi? Akikuandikia 43,200, Hisabati anaijua. Kilichomshinda ni kuelewa anaulizwa nini. Akishindwa hata kwa Kiswahili, basi shida ni hesabu yenyewe. Rudia na maswali matatu au manne usije ukahukumu kwa moja.

Hapa huingia dhana nyingine inayoumiza: kwamba mwalimu wa tuisheni azungumze Kiingereza kitupu ili mtoto azoee. Mtoto asiyeelewa darasani kwa Kiingereza kitupu unamlipia akae saa nyingine bila kuelewa. Mwalimu anayefaa hueleza wazo kwa Kiswahili mpaka mtoto alielezee mwenyewe, kisha wanalipita tena kwa Kiingereza, kwa mdomo na halafu kwa maandishi. Kila kipindi kiache maneno 8 kwenye daftari la msamiati: neno, maana yake kwa Kiswahili, na sentensi iliyotoka kwenye kitabu cha kiada. Vipindi viwili kwa wiki kwa wiki 10 ni maneno 160. Yatangulie yale ya amri za maswali, yaani taja, eleza, linganisha, kokotoa, kwa sababu hayo yako kwenye karatasi ya kila somo.

Dhana: Kila mtoto ana mtindo wake wa kujifunza, wa kuona, wa kusikia au wa kutenda

Hii inapendwa sana na matangazo ya tuisheni. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne, wa kwanza wao akiwa Harold Pashler wa Marekani, walizipitia tafiti za jambo hili na hawakukuta ushahidi wa kutosha kwamba mtoto hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa "mtindo wake". Somo ndilo linaloamua: ramani hutazamwa, matamshi husikilizwa, umbo la mche, kama la boksi, hushikwa mkononi. Usimlipe mtu kwa ajili ya dodoso la mitindo.

Mahitaji halisi ya mtoto ni kitu kingine. Mtoto asiyeona ubao anahitaji miwani. Mtoto mwenye usonji (autism) anahitaji utaratibu usiobadilikabadilika, maelekezo mafupi na chumba chenye utulivu. Hayo mwambie mwalimu mapema, na umuulize amewahi kufundisha mtoto wa namna hiyo vipi, siyo tu kama amewahi.

Dhana: Asiyeshika kusoma ni mvivu, apate mwalimu mkali

Ukweli: Kabla ya mwalimu yeyote, mpeleke mtoto apimwe macho na masikio hospitalini. Anayefinya macho, anayesogeza daftari puani, anayenakili vibaya kutoka ubaoni ilhali akiandikiwa mezani ananakili sawa, au anayejibu swali tofauti na aliloulizwa, huenda haoni au hasikii vizuri. Tuisheni ya mwaka mzima haitibu hilo.

Yapo pia matatizo ya kusoma yasiyotokana na macho wala akili, kama disleksia. Mtoto huongea vizuri na kuelewa anachosimuliwa, lakini herufi na sauti zake hazishikamani kichwani, hata baada ya miaka kadhaa ya kufundishwa. Huyu hahitaji ukali. Anahitaji mwalimu anayefundisha sauti na silabi kwa mpangilio, hatua ndogondogo, kwa kurudia sana. Walimu waliosomea elimu maalumu ndio wa kuanzia kuwatafuta. Kiboko kwa mtoto wa aina hii kinaongeza woga tu, na mtoto mwenye woga huacha hata kujaribu.

Dhana: Saa nyingi ndiyo matokeo mengi

Ukweli: Mtoto anayetoka shule saa kumi jioni, akaingia tuisheni hadi saa mbili usiku, kisha kazi za shule, analala saa tano na kuamka saa kumi na moja alfajiri. Hizo ni saa 6. Wataalamu wa usingizi wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2016, walipendekeza saa 9 hadi 12 kwa watoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa wa miaka 13 hadi 18. Ubongo uliochoka haushiki.

Vipindi viwili au vitatu kwa wiki vya dakika 55 vinatosha kwa walio wengi, vikipangwa hivi: dakika 10 za mwanzo mtoto ajibu maswali ya kipindi kilichopita bila kufungua daftari, dakika 25 mada moja, dakika 15 afanye peke yake mwalimu akitazama tu, dakika 5 za kuandika alichokosa. Zile 10 za mwanzo zisiachwe kamwe. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma maandishi na wale waliosoma kisha wakajaribu kuyakumbuka bila kuyatazama. Wiki moja baadaye waliorudia tu walikumbuka asilimia 42, na waliojipima asilimia 56. Ukimkuta mwalimu anaandika notisi na mtoto ananakili saa nzima, ujue unalipia mwandiko.

Hesabu ya fedha nayo inafuata. Tuseme kipindi ni sh 10,000. Vitatu kwa wiki ni sh 120,000 kwa mwezi. Viwili ni 80,000. Lipa kwa vipindi vilivyofanyika, kila wiki mbili, badala ya muhula mzima mbele. Nauli ya mwalimu mkubaliane siku ya kwanza. Kama mfuko ni mdogo, watoto watatu wa kiwango kimoja wanaweza kuchangia mwalimu. Kiwango kimoja, siyo darasa moja.

Dhana: Mwalimu wake wa darasani ndiye anayemfaa zaidi

Anamjua mtoto, hilo ni kweli. Lakini maelezo yaliyomshinda mtoto asubuhi huenda yakawa yaleyale jioni, na si afya kwa mwalimu kulipwa zaidi kwa kile alichopaswa kukimaliza darasani. Mtumie kwa namna nyingine: muulize amwonavyo mtoto, amekosa mada zipi, anakaa wapi darasani. Taarifa hiyo umpe mwalimu wa nje.

Dhana: Mwalimu ni mzazi, hana haja ya kuchunguzwa

Ukweli: Mwalimu mwema haoni vibaya kuombwa kitambulisho cha NIDA na namba za wazazi wawili aliowafundishia watoto. Wapigie kweli. Kipindi kifanyike sebuleni au barazani, mlango wazi, mtu mzima akiwa nyumbani. Ujumbe wa simu kuhusu masomo upite kwa mzazi. Mtoto akianza kumkwepa mwalimu bila sababu anayoweza kuitaja, simamisha vipindi kwanza na umsikilize. Ukiwa na wasiwasi, simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na kuipiga ni bure.

Dhana: Wiki mbili zinatosha kujua kama anafaa

Vipindi vitatu vya mwanzo vinakuonyesha mambo mawili tu: kama mtoto anauliza maswali, na kama mwalimu anarudi kwenye makosa ya kipindi kilichopita. Maendeleo yenyewe yapime baada ya wiki sita, kwa jaribio lilelile la mwanzo lenye namba nyingine. Mwandikie mtoto 503 − 267, mwachie karatasi na uondoke mezani. Akiandika 236, mwalimu amelifikia tatizo, na sasa mwende kwenye sehemu. Akiandika 364, kanuni ya zamani bado ipo palepale. Mweleze mwalimu ulichokiona, umpe wiki tatu zaidi akiwa na mpango mpya. Isipobadilika, mlipe vipindi vyake vyote, mwagane kwa heri, na umtafute mwingine ukiwa na daftari mkononi.