Ibara Isiyo na Meno na Shamba la Muleba

Vijana wa sheria wanaokuja kujifunza kazi ofisini kwetu hapa Mwanza huchelewi kuwasikia wakiuliza: "Wakili, haya maneno ya kwamba binadamu wote huzaliwa huru na sawa yanasaidia nini mahakamani?" Wanauliza kwa dharau kidogo, na siwalaumu, maana hata Katiba yetu inaonekana kuwa upande wao. Ina sehemu nzima iitwayo Malengo Muhimu na Misingi ya Mwelekeo wa Shughuli za Serikali. Humo ibara ya 9 inataka heshima ya binadamu idumishwe kwa kufuata Tangazo la Dunia kuhusu Haki za Binadamu la mwaka 1948, lilikotoka maneno hayo ya vijana, na ya 11 inagusa haki ya kufanya kazi na ya kujielimisha. Ni maneno mazuri mno. Ila kabla hujafika huko, ibara ya 7 imeshakuonya kwamba hakuna mahakama itakayoyatilia nguvu ya kisheria. Taifa limetaja linachokiamini, kisha likakataza mtu kulishtaki kwa hilo.

Basi huwa nawapa faili moja wakasome: Ephrahim dhidi ya Pastory, hukumu ya Mahakama Kuu hapa hapa Mwanza, Februari 1990.

Mwanamke mmoja wa Muleba, ng'ambo ya ziwa, alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Agosti 1988 akaiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake jamaa yake wa ukoo alikuwa Mahakama ya Mwanzo akidai mauzo yafutwe, kwani mila ya Kihaya, kama ilivyoandikwa katika kanuni za mwaka 1963, ilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo lakini si kuiuza. Akashinda. Mahakama ya Wilaya ikapindua uamuzi, na rufani ikaja Mwanza mbele ya Jaji Mwalusanya.

Sasa hapa ndipo penye utamu kwa mtu wa sheria. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na serikali ikapewa hadi 1988 kusafisha sheria zake. Sheria Namba 16 ya mwaka huo wa 1984, kifungu cha 5, iliagiza mahakama kuzisoma sheria za zamani kwa kuzirekebisha kadiri inavyohitajika ili zilingane na Katiba. Hicho ndicho kilikuwa chombo cha kazi. Tatizo ni kwamba ibara ya 13 ilikataza ubaguzi na kuorodhesha aina zake, kabila, rangi, dini na kadhalika, lakini jinsi haikuwemo. Iliongezwa mwaka 2000. Mwaka 1990 wakili wa upande wa pili angeweza kusimama na kusema kwa uso mkavu: onyesheni mwanamke ametajwa wapi?

Jaji alipita mlango ambao wengi tungeuona umefungwa. Alisema Tangazo la 1948 limo ndani ya Katiba kwa njia ya ibara ya 9, ile ile isiyo na meno, na pia kwamba Tanzania imeridhia mikataba inayokataza kumbagua mwanamke. Kwa hiyo kanuni ya Kihaya isomwe kana kwamba mwanamume na mwanamke wana haki sawa ya kuuza. Mauzo yakasimama. Halafu akafanya jambo ninalolipenda kuliko hotuba yote: aliuacha ukoo na nafasi ya kuikomboa ardhi hiyo, kama ambavyo ungeweza kufanya kama muuzaji angekuwa mwanamume, kwa kumlipa mnunuzi zile 300,000 ndani ya miezi sita. Mila haikutupwa. Iliondolewa ubaguzi, ikapewa bei na tarehe ya mwisho.

Kwa hiyo swali la vijana wangu nadhani limekaa vibaya. Misingi mikubwa ya utu haimbadilishi mtu kwa kusomwa tu. Sijamwona aliyeacha kudhulumu shamba kwa sababu ya Tangazo la Dunia. Kazi yake ni kumpa mnyonge hoja ambayo mkubwa ameshaitia saini. Lakini hoja hiyo inahitaji kitu cha kushika: shamba moja, mdai mmoja, kifungu kimoja kinachomruhusu hakimu kutenda, na amri inayoweza kutekelezwa.

Tazama Azimio la Arusha la 1967. Oktoba ya mwaka ule Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi hapa Mwanza kuliunga mkono, na wazee wa mji huu bado wanasimulia. Miiko ya uongozi ilikuwa wazi kabisa: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asimiliki hisa, asipangishe nyumba. Ilikuja kulegezwa mwaka 1991 kwa kilichoitwa Azimio la Zanzibar, na walioilegeza ni viongozi, yaani wale wale iliowabana. Mwananchi wa Kwimba hakuwa na mahali pa kwenda kudai miiko irudi. Sisemi Azimio lilikuwa ndoto. Nasema funguo zake walikabidhiwa wafungwa.

Hata mahakama yenyewe si dawa ya kila kitu. Mwaka 2005 wajane wawili walikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni zile zile za 1963, zinazosema mjane harithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo, bali atunzwe na watoto wake. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kanuni ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzifuta, ikihofia kwamba mila za makabila zaidi ya 120 zingefuata njia hiyo hiyo. Rufani yao ilikwama mwaka 2010 kwa kasoro ya nyaraka. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ikasema haki zao zilivunjwa. Msingi ule ule wa usawa, nchi ile ile. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba Muleba jaji aliombwa aamue mauzo ya shamba. Mara hii majaji waliombwa waondoe kanuni nzima kwa mkupuo, wakaogopa. Woga huo siutetei, ila mwanasheria anayeandaa kesi lazima aupigie hesabu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imefanya mengi kimya kimya. Inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, na inataka watatu kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji wawe wanawake. Kwenye mirathi bado ni vita.

Ndiyo maana mjane wa Magu au Misungwi akija ofisini, swali langu la kwanza ni muhtasari wa kikao cha ukoo: nani alikaa, nani alipendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, na kama sahihi ya mjane ni yake kweli. Nauliza iwapo mahakama imeshamteua msimamizi au bado kuna muda wa kuweka pingamizi. Ibara ya 13 na Tangazo la 1948 naziweka ukurasa wa mwisho wa pingamizi hilo, baada ya tarehe ya ndoa, mipaka ya shamba na majina ya mashahidi. Hakimu akizihitaji atazikuta.